Mgonjwa akisimulia, wadi nayo hupona

Panda matatu yoyote inayopita karibu na lango la hospitali jioni, baada ya saa za kuwatazama wagonjwa, nawe utege sikio. Mama aliyeketi dirishani anamweleza jirani yake jinsi bintiye alivyomwita muuguzi usiku kucha bila kuitikiwa. Kwenye kiti cha nyuma, mzee anamsifu kijana aliyemsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi chumba cha eksirei, kisha akamngojea mpaka akapigwa picha. Makanga naye anatia lake. Abiria wanatikisa vichwa. Gari likifika mwisho wa safari kila mtu anashuka na hadithi yake, na mambo yanaishia hapo.

Hadithi za aina hii husimuliwa kwa msusi, kwenye foleni ya maji, kwenye chama cha akina mama na nje ya kanisa au msikiti baada ya ibada. Hufika kila mahali, isipokuwa pale ambapo zingefaa zaidi. Muuguzi msimamizi wa wadi ile hasikii kwamba binti aliita akachoka. Na yule kijana wa kiti cha magurudumu hajui kwamba kuna mzee anayemwombea dua.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgonjwa ni mgeni wa hospitali. Huona kwa macho mapya yale ambayo wenyeji wameyazoea hata hawayaoni tena. Hadithi yake ikisimuliwa mahali panapofaa, na ikajibiwa, si yeye tu anayefaidika. Hata wanaomhudumia hupona.

Sanduku lenye kufuli

Pengine, mpenzi msomaji, utasema kwamba hospitali tayari zina masanduku ya maoni. Ni kweli. Hata hivyo, jiulize ni lini mara ya mwisho ulipoona sanduku kama hilo likifunguliwa. Katika vituo vingi sanduku limetundikwa ukutani, kufuli imeota kutu, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ilitoweka zamani. Anayetumbukiza karatasi hapati jibu, na asiyepata jibu hatumbukizi ya pili.

Isitoshe, maoni mengi yanayoandikwa ni ya neno moja au mawili: "huduma mbaya" au "asanteni". Msimamizi akisoma "huduma mbaya" atafanya nini? Hajui ni siku gani, ni saa ngapi wala ni nani aliyekosa. Mara nyingi huishia kuwakaripia wote kwenye mkutano wa asubuhi, wenye hatia na wasio na hatia, na wote hurejea kazini wamenuna.

Sasa linganisha na mgonjwa anayesimulia hivi: "Ilikuwa saa nane usiku. Dripu yangu ilikuwa imekwisha na damu imeanza kurudi kwenye mpira. Nilimwita muuguzi mara tatu. Alikuwa peke yake, na wakati huo alikuwa akimhudumia mama aliyekuwa akijifungua chumba cha pili. Niliogopa sana, nikadhani nitakufa bila mtu kujua."

Msimamizi anayesoma maneno hayo anapata mambo mawili kwa pamoja. Anauhisi woga wa mgonjwa, na papo hapo anaona chanzo chake: zamu ya usiku ina mtu mmoja anayefanya kazi ya watu watatu. Kosa halikuwa la moyo mgumu wa muuguzi bali la ratiba. Hadithi yenye saa, mahali na tendo humwondolea muuguzi lawama isiyomstahili na kuipeleka inakostahili.

Yaliyosimuliwa na akina mama

Hapa Kenya tuna ushahidi wa jambo hili, hasa katika wadi za kujifungulia. Mwaka 2007, chama cha mawakili wanawake, FIDA Kenya, pamoja na Center for Reproductive Rights ya Marekani, kilichapisha ripoti iliyojengwa juu ya masimulizi ya wanawake waliojifungulia hospitalini. Walieleza walivyotukanwa, walivyoachwa peke yao na walivyozuiliwa wadini kwa kukosa pesa za kulipa. Wengi walioisoma ripoti hiyo walishtuka. Waliozaa hawakushtuka, maana walikuwa wakiyajua na kuyasimulia kwa mashoga zao miaka yote.

Miaka michache baadaye ulianzishwa mradi ulioitwa Heshima, kuanzia 2011 hadi 2014, katika hospitali na vituo 13 vya umma, vya kibinafsi na vya mashirika ya dini. Watafiti waliwauliza wanawake 641 waliokuwa wakiruhusiwa kwenda nyumbani baada ya kujifungua yale yaliyowapata. Mmoja kati ya kila watano, yaani asilimia 20, alisema alikosewa heshima kwa namna fulani. Asilimia 18 walisema walitendewa bila utu, asilimia 14.3 kwamba walipuuzwa au kuachwa peke yao, na asilimia 4.2 kwamba walipigwa au kuumizwa mwilini.

La kutia moyo ni yale yaliyofuata. Mradi huo haukuwageukia wauguzi kwa fimbo. Chama cha kitaifa cha wauguzi kilikuwa mshirika tangu mwanzo, pamoja na FIDA na shirika la Population Council. Wahudumu walikalishwa wakazungumza juu ya imani na mazoea yao kazini. Walipewa ushauri nasaha ili nao wapate pa kutua mizigo yao. Ziliwekwa siku maalumu ambapo akina mama wajawazito na jamaa zao waliingia wadini wakaona vitanda na vyumba, wakauliza maswali, na wauguzi wakaeleza shida zao za kazi. Palipotokea ugomvi kati ya familia na kituo, kulikuwa na njia ya upatanishi kabla ya mambo kufika kortini.

Baada ya hatua hizo wanawake waliulizwa tena. Waliosema wamekosewa heshima walikuwa wamepungua kutoka asilimia 20 hadi asilimia 13. Kumi na tatu bado ni wengi, lakini nyuma ya tofauti hiyo kuna akina mama wengi waliorudi nyumbani bila jeraha la moyoni.

Muuguzi naye ana moyo

Tusisahau hali ya wale wanaotuhudumia. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017. Wauguzi nao waligoma kwa karibu miezi mitano mwaka huo huo wa 2017. Kugoma kwa muda mrefu namna hiyo ni dalili ya watu waliochoka, na mtu aliyechoka hujibu kwa ukali hata pale ambapo hakukusudia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatulifikirii. Mgonjwa aliyepona huenda zake nyumbani, haonekani tena. Anayerudi ni yule ambaye hali yake imekuwa mbaya. Kwa hiyo muuguzi anaweza kufanya kazi miaka 20 akiona zaidi wale ambao tiba imewashinda, na wale aliowaokoa asijue waliko. Fundi wa nguo humwona mteja wake akipita barabarani amevaa kanzu aliyoishona. Mwalimu huona mwanafunzi wake wa zamani akiwa mtu mzima. Muuguzi je, huona nini?

Ndiyo maana barua fupi ya shukrani, inayotaja tendo lenyewe, huwa na nguvu kuliko tunavyodhani. "Ulinishika mkono wakati nikidungwa sindano ya uti wa mgongo, ukaniambia nipumue polepole." Maneno hayo humkumbusha aliyeandikiwa kwa nini alichagua kazi hii. Humfundisha pia kwamba tendo alilolidharau, la kushika mkono, lilikuwa sehemu ya tiba, na kesho atalifanya tena kwa mwingine.

Nchini Uingereza, daktari mmoja wa mji wa Sheffield, Paul Hodgkin, alianzisha mwaka 2005 utaratibu wa wagonjwa kusimulia hadharani yaliyowapata na hospitali kuwajibu hadharani. Huenda mtu angetarajia mafuriko ya matusi. Lakini hadithi za shukrani ziliibuka kuwa nyingi kuliko za malalamiko.

Daktari aliyelazwa

Huko huko Uingereza kulikuwa na daktari mwingine, Kate Granger, aliyekuwa akiwatibu wazee. Alipatikana na saratani mwaka 2011 akiwa bado kijana. Agosti 2013 alilazwa, na akiwa kitandani aliona jambo ambalo hakuwa amelitia maanani siku zote alizovaa koti jeupe: wengi waliomkaribia, wakampima na kumpa dawa, hawakumwambia majina yao. Alijiona si mtu bali ni ugonjwa uliolala kitandani.

Hakumshtaki yeyote. Alisimulia tu yaliyompata, kisha akaomba kila mhudumu aanze kwa maneno haya: hujambo, jina langu ni fulani. Ombi hilo lilienea katika hospitali nyingi za Uingereza na nje yake, wahudumu wakavaa vibandiko vyenye majina yao. Kate Granger alifariki Julai 2016 akiwa na umri wa miaka 34. Ombi lake halikudai dawa mpya wala mashine ya mamilioni. Lilidai salamu, na salamu ni kitu ambacho sisi huku tunajivunia kuwafundisha watoto wetu kabla hawajaanza shule.

Usipoziba ufa

Hadithi isiyosikilizwa haifi. Hutafuta mlango mwingine. Agosti 2013, miezi miwili tu baada ya serikali kutangaza huduma za bure za uzazi, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mjini Bungoma, kisha akatukanwa na kupigwa. Mtu aliyekuwa wadini alichukua picha za video na nchi nzima ikaona. Mwezi Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake zilivunjwa, ikaagiza alipwe fidia ya Sh2.5 milioni na aombwe radhi. Haki ilipatikana, lakini ilichukua karibu miaka mitano. Je, ni akina mama wangapi waliokuwa wamesononeka katika wadi kama ile kabla yake, wasipate wa kuwasikiliza?

Hata hivyo tusidanganyane. Hadithi hazigeuki glavu wala dawa, na muuguzi mmoja hawezi kuwa wawili kwa kusifiwa. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa katika vituo 50, ulionyesha kwamba pale wanakijiji walipokaa na wahudumu wakakubaliana ya kurekebisha, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa thuluthi moja. Utafiti mwingine uliofuata katika vituo 376 vya nchi hiyo hiyo haukuona upungufu huo wa vifo, ingawa wagonjwa waliridhika zaidi na namna walivyohudumiwa. Mazungumzo husaidia, lakini sharti bajeti ifuate nyuma.

Namna ya kusimulia

Wengi hunyamaza kwa kuogopa kwamba watakaporudi watalipiziwa. Hofu hiyo inaeleweka. Unaweza kungoja mpaka uruhusiwe kwenda nyumbani, au kumtuma ndugu yako. Kumbuka pia kwamba sheria iko upande wako. Sheria ya Afya ya 2017 inampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu alivyotibiwa, malalamiko yachunguzwe, na ajulishwe matokeo kwa maandishi katika muda wa miezi 3. Inakitaka pia kila kituo kibandike mahali pa wazi utaratibu wa kulalamika. Sheria hiyo hiyo inakutaka nawe umheshimu anayekuhudumia.

Ukiamua kusimulia, taja siku, saa na wadi. Eleza lililotendeka kwa mpangilio, kisha jinsi ulivyojisikia. Tenga uliloliona kwa macho na ulilosikia kwa watu. Usitukane, maana tusi humpa msomaji sababu ya kutupa barua. Malizia kwa kusema ungependa nini kibadilike. Na kama yupo aliyekutendea wema, mtaje. Usiposhika jina lake, taja zamu na kazi aliyokuwa akiifanya, watamjua.

Mpelekee kwanza muuguzi msimamizi wa wadi au msimamizi wa hospitali. Usiposikilizwa, nenda kwa kamati ya kituo au afisi ya afya ya kaunti. Ikishindikana, iko afisi ya Ombudsman.

Nanyi wasimamizi, fungueni masanduku hayo. Chagueni siku moja kwa juma, msome barua moja mbele ya wahudumu wote, ya lawama au ya shukrani, mwulizane ina funzo gani. Kisha bandikeni ukutani: mlituambia hivi, nasi tumefanya hivi. Mgonjwa akiona jibu hilo ataleta hadithi nyingine.

Na yule mzee wa kwenye matatu? Kesho kuna saa za kuwatazama wagonjwa tena. Itamgharimu kipande cha karatasi tu kumwachia yule kijana wa kiti cha magurudumu neno lake la asante.