Kabla Ununue Mashine, Mwangalie Kuku Wako Kwanza

Vijana wengi wa rika letu wakiamua kufuga kuku wa kienyeji, kitu cha kwanza wanachosaka ni mashine ya kuangulia mayai. Msee hana kazi, amekopa kwa simu, na pesa zote zinaingia kwa boksi lenye balbu na feni. Halafu stima inapotea usiku wa siku ya 14, inarudi saa nne asubuhi, na mayai yote yameharibika. Mkopo nao haujaenda popote.

Kama ndiyo unaanza, na kuna kanafasi nyuma ya nyumba ya wazazi, au landilodi wako hana noma na jogoo, nisikize. Kuku anayeatamia ni mashine tosha. Hatumii stima, mayai anayaweka kwenye joto linalofaa, na anayageuza mchana na usiku bila kukumbushwa. Mimi niliacha chuo na sina cheti cha kilimo, lakini kuku hajawahi kuniuliza cheti. Anachotaka ni umchagulie mayai mazuri, umwekee mahali pazuri, kisha umwachie kazi yake.

Kuku yupi?

Si kila kuku ataatamia. Kuku wa mayai wa kisasa ni nadra sana kufanya hivyo. Hata kienyeji walioboreshwa, kama wale wa KALRO au Kuroiler, wengi hawaatamii kwa sababu walizalishwa ili watage zaidi. Unayemtaka ni yule kienyeji wa kawaida, wa ushago kabisa.

Utamjua tu. Hatoki kiotani hata usiku. Ukimkaribia anajifutua manyoya na kunguruma, ukiingiza mkono anakudonoa. Ukimgusa kifuani utapata ngozi tupu yenye joto, kwa sababu manyoya ya hapo huyanyonyoa ili mwili uguse mayai.

Usimpe mayai mazuri siku hiyo hiyo. Mjaribu kwanza na mayai mawili ambayo hata yakiharibika huna hasara. Akiyakalia siku mbili tatu bila kuyaacha, mhamishe usiku hadi kona tulivu yenye giza kidogo, kwenye boksi lenye nyasi kavu. Ukimhamisha mchana, ataamka arudi alikotoka. Pia mpake dawa ya utitiri kutoka agroveti kabla hajaanza. Wadudu hao humnyima raha mpaka akimbie mayai katikati ya safari.

Mayai yapi?

Bila jogoo hakuna kifaranga. Jogoo mmoja anatosha kuku 10 hivi, na ni vizuri asiwe mtoto wa kuku hao hao. Badilishana na jirani kama ni lazima. Mayai ya trei ya dukani sahau, kwa kawaida kuku waliyoyataga hawajawahi kuona jogoo.

Kusanya mayai yasiyozidi siku 7. Yaweke mahali pa baridi kiasi, lakini si kwenye friji, ncha nyembamba ikiangalia chini. Usiyaoshe, kwa sababu maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda. Yale makubwa kupita kiasi, madogo sana au yenye ufa, pika ule.

Kuku mmoja mpe mayai 10 hadi 13. Ukimjazia 18, mengine yatabaki nje ya mabawa yapoe. Na kwa vile huyazungusha, yai linalopoa leo si lile litakalopoa kesho, kwa hivyo unaweza kuharibu karibu yote. Yawekee alama kwa penseli. Kuku wengine hupenda kutaga hapo hapo, na bila alama hutajua yai la jana ni lipi.

Siku 21

Mwekee mahindi na maji karibu. Atatoka mara moja kwa siku, ale, anywe, aende haja, kisha arudi baada ya dakika 15 au 20 hivi. Usihofu ukikuta ametoka.

Usiku wa siku ya 7, zima taa, kisha mulika kila yai kwa tochi ya simu upande wa ncha nene. Ukiona mishipa ya damu imetawanyika kama miguu ya buibui, kuna maisha. Yai jeupe kabisa ndani halikuwa na mbegu. Ukiona duara la damu tu, kifaranga alianza akafa. Ondoa hayo mawili, maana yai viza likipasuka linachafua mengine.

Kuanzia siku ya 18, mikono mbali. Kifaranga akianza kutoboa ganda anaweza kuchukua saa nyingi kutoka, na ukimvuta unaweza kumtoa damu. Hata chakula hakihitaji mara moja, kiini cha yai kilichobaki tumboni kinamtosha kwa siku nzima na zaidi.

Pesa hupotelea hapa

Wengi hushangilia vifaranga 11, wiki tatu baadaye wamebaki watatu. Kuangua hakukuwa na shida. Shida ilikuwa mwewe, paka, panya, baridi na ugonjwa. Kwa hivyo wafungie pamoja na mama yao mahali penye wavu mwezi wa kwanza, usiwaachie wazurure. Wape chakula cha vifaranga na maji kwenye chombo kisicho na kina, wasizame. Panga chanjo ya Newcastle mapema, daktari wa mifugo wa eneo lako atakupa ratiba. Ugonjwa huo ukiingia bomani, unaweza kufagia kila kitu kwa wiki moja.

Ujanja mwingine ni kuanzisha kuku wawili au watatu usiku mmoja. Aliyetangulia kuatamia mshikilie na mayai ya majaribio hadi wenzake wawe tayari. Vifaranga wakitoka, wakusanye wote usiku uwape mama mmoja mwenye mwili mkubwa. Hao wengine watapumzika, wale washibe, na kurudi kutaga mapema kuliko kama kila mmoja angelea wake kwa miezi miwili.

Wahenga walisema kuku havunji yai lake. Wewe pia usivunje kabla hujaanza. Chukua daftari la shule lililobaki, uandike: mayai mangapi yamewekwa, mangapi yalikuwa na mbegu, mangapi yameanguliwa, na vifaranga wangapi wamefika wiki ya 8. Mbegu zikiwa haba, angalia jogoo. Wakifia njiani, tengeneza boma kwanza. Na siku wateja watakapotaka vifaranga wengi kuliko kuku wako wanavyoweza kuatamia, nunua mashine basi, lakini kwa pesa za kuku.