Kabla ya Kuuliza Kama Atazaa, Uliza Kama Amekula

"Daktari, mtoto wangu akiendelea na mpira, atakuja kuzaa kweli?"

Swali hili nimeulizwa katika mitaa ya Bujumbura, Buyenzi na Ngagara, na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi nimeulizwa na msomi mwenye shahada mbili. Juzi kaniuliza tena mzazi ambaye tayari alikuwa amekwisha kumtoa binti yake kwenye timu ya mpira wa kikapu ya chuo. Huyo alitaka kuungwa mkono tu, jibu hakulihitaji. Nimechoka kulijibu mlangoni, mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo nalijibu kwa wote: mpira haumzuii mwanamke kuzaa. Wala mbio, wala kuruka, wala judo, wala kuogelea ziwani.

Asiseme mtu kwamba hili ni neno dogo la wazee. Msichana anapoingia chuo kikuu ndipo anapofikia umri wa kuposwa, na ndipo uvumi unapomkuta. Timu ya wavulana hupunguzwa na majeraha na mitihani. Ya wasichana hupunguzwa na majeraha, mitihani, na shangazi aliyesikia kwamba kizazi kitaanguka. Aliyeachishwa akiwa na miaka 20 hawezi kuwa nahodha akiwa na 22, hataitwa kwenye kozi ya ukocha, na siku shirikisho linapochagua viongozi jina lake halipo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona uwanjani. Kisha tunaitisha semina kuuliza kwa nini wanawake ni wachache katika uongozi wa michezo.

Tuanze na kizazi chenyewe. Kimekaa ndani ya nyonga, kimeshikwa na kano na kubebwa na misuli ya chini ya nyonga. Mtu akiruka, hakiachii. Kinachokilegeza mpaka kikashuka kinajulikana: kuzaa mara nyingi na kwa shida, umri mkubwa, kikohozi cha miaka, na kubeba mizigo mizito kwa muda mrefu.

Hapo kwenye mizigo naomba tusimame. Baba anayemkataza binti asiruke chini ya kikapu amekuwa akimtuma maji tangu ana miaka minane. Bidoni ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na inapanda kilima kichwani mwa mtoto. Kila alfajiri wanawake wanateremka kutoka vilima vya juu ya Bujumbura na vikapu vya ndizi na magunia ya makaa, mtoto mgongoni, na jioni wanapanda tena. Wanalima mpaka wiki ya kujifungua. Hakuna anayekuja kuniuliza kama jembe linaharibu kizazi. Wanawake hao hao, kwa wastani, huzaa watoto wapatao watano. Kama jasho lingekuwa linafunga uzazi, Burundi ingekuwa haina watu. Lakini binti akivaa kaptula na kutoka jasho lile lile kwa saa moja na nusu, kwa furaha yake mwenyewe, ghafla wote tunakuwa wataalamu wa uzazi.

"Lakini Daktari, yuko dada tunayemjua, alikuwa anakimbia sana, akaacha kuona siku zake." Ndiyo, yupo, na wengine wengi. Hii ndiyo chembe ya ukweli ambayo uvumi wote umejengwa juu yake, na imesomwa vibaya. Siku zake hazikusimamishwa na mbio, zilisimamishwa na njaa. Mwanariadha anayetumia nguvu nyingi kuliko anazokula anaufikisha mwili mahali pa kuchagua, na ubongo huchagua moyo na mapafu kwanza. Unapunguza homoni zinazoamsha mayai, hedhi inakatika, na uzazi unawekwa kando hadi chakula kirudi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa mwongozo kuhusu upungufu huu wa nishati mwaka 2014. Wanaume nao unawapata, ila wao hawana hedhi ya kuwatolea taarifa, ndiyo maana hakuna anayewaonea huruma.

Mwanafunzi anayeishi kwa mlo mmoja kwa siku kwa sababu fedha ya masomo imechelewa, halafu saa kumi na moja jioni yuko uwanjani, hana kasoro ya kike. Ana kasoro ya sahani. Apunguziwe mazoezi kwa muda, aongezewe ugali, maharage, ndagala na lengalenga, na kwa kawaida hedhi hurejea baada ya miezi kadhaa. Tena sikilizeni vizuri, maana hili limeleta machozi katika nyumba nyingi: yai linaweza kuja kabla ya damu ya kwanza kurudi. Msichana aliyeambiwa kwamba michezo imemfanya tasa, akaamini na kuacha kujikinga, anaweza kushika mimba bila kuiona hedhi hata moja.

Cha kuogopwa katika hali hiyo ni mifupa. Homoni zikishuka, mifupa hukonda. Akiba ya mifupa tunaiweka hadi miaka ya ishirini na kitu, yaani umri ule ule wa chuo. Ninaowaona ni wasichana wenye ufa kwenye mfupa wa muundi kwa mazoezi ambayo mwenzao aliyeshiba anayamaliza bila maumivu. Mzazi anauliza habari ya wajukuu, na mguu wa binti unapasuka mbele ya macho yake.

Halafu wanakuja wauza tiba. Dawa ya majani ya "kusafisha kizazi", unga wa kunywa kwa asali, mvuke wa kukalia, na mkandaji anayeahidi kukipandisha kizazi kwa kuminya tumbo. Hakuna hata moja linalomrudishia msichana chakula alichokikosa. Majani yasiyojulikana kipimo yanaweza kuumiza ini na figo, na mvuke unaunguza. Siwatetei wenzangu wa duka la dawa pia: vidonge vya kupanga uzazi vinavyotolewa ili "kurudisha siku" vinaleta damu ya vidonge, si hedhi yake. Kila mtu anatulia, na mifupa inaendelea kukonda kwa siri. Naona hilo ni baya kuliko majani, kwa sababu limepigwa muhuri wa hospitali.

Na ugumba wenyewe, kwa wanaouogopa kwa haki? Mara nyingi katika nchi zetu unatokana na maambukizo ya zinaa yasiyotibiwa yaliyoziba mirija, au maambukizo baada ya kujifungua au ya mimba iliyotolewa kwa njia ya hatari. Na karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, upande wa mume una mchango. Sijawahi kuletewa mkwe mtarajiwa nimpime kwa sababu anacheza mpira.

Msinihubirie pia kwamba woga huu ni mila yetu. Huko Ulaya woga huo huo uliwahi kuvaa koti jeupe la daktari. Mwaka 1928, Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza katika Olimpiki. Mjerumani Lina Radke alishinda na kuvunja rekodi ya dunia, na wote tisa wa fainali walimaliza. Magazeti yakaandika kwamba wanawake walizimia na kutapakaa uwanjani, wakubwa wa michezo wakasema mwili wa mwanamke hauwezi, na mbio hizo zikaondolewa hadi Roma mwaka 1960. Miaka 32 kwa habari ya uongo. Marathoni ya wanawake ilisubiri hadi Los Angeles mwaka 1984. Sisi tumeokota hofu waliyokwisha kuitupa, tukaifanya urithi wa bibi.

Anayetaka ushahidi wa watoto asiende mbali. Vivian Cheruiyot wa Kenya alijifungua mwaka 2013, na mwaka 2016 akachukua dhahabu ya mita 5,000 mjini Rio. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, akarudi kushinda mita 1,500 Tokyo na tena Paris, na mwaka 2023 akavunja rekodi ya dunia ya mbio hizo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamshauri hata mjamzito asiye na tatizo la kiafya afanye mazoezi ya wastani ya dakika 150 kwa wiki.

Linabaki jina ambalo huletwa mbele yangu kwa sauti ya chini: Francine Niyonsaba. "Si unaona, Daktari? Mbio zimemgeuza." Hapa uvumilivu wangu unaisha kabisa. Mbio hazikumgeuza. Niyonsaba, mtoto wa Ruyigi, aliyetuletea fedha ya mita 800 kutoka Rio mwaka 2016, medali ya pili tu ya Olimpiki katika historia ya Burundi baada ya dhahabu ya Vénuste Niyongabo mwaka 1996, alisema mwenyewe hadharani mwaka 2019 kwamba mwili wake kwa asili una kiwango kikubwa cha homoni ya testosteroni. Ni jambo la kuzaliwa nalo. Kanuni za riadha kuhusu homoni hiyo zilipomfungia mita 800, alihamia mbio ndefu, akawa wa tano katika mita 10,000 za Tokyo, na Septemba 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 mjini Zagreb: dakika 5 na sekunde 21.56. Mwaka 2023 kanuni zikapanuliwa hadi mbio zote. Kuhusu haki ya kanuni hizo tunaweza kubishana, na mimi nina maoni makali. Lakini kulitumia jina lake kumtisha binti wa miaka 19 asiende mazoezini ni kutojua biolojia na ni kumdhulumu aliyetupatia heshima. Mazoezi hayamhamishi mtu kutoka jinsia moja kwenda nyingine. Yanajenga misuli na moyo, basi.

Na habari ya bikira, kwa wanaoniuliza wakitazama chini: kizinda hakisomeki, kwa baiskeli wala bila baiskeli. Mwaka 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kwa kuwa hauna msingi wowote wa kisayansi. Sipimi, na mwenzangu anayepima anakuuzieni uongo.

Wale ambao hawakuachishwa michezo mnawajua. Diane Nukuri aliiwakilisha Burundi katika Olimpiki ya Sydney akiwa na miaka 15, akaenda kusoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, na mwaka 2012 akabeba bendera yetu London. Kirsty Coventry wa Zimbabwe aliogelea katika Chuo Kikuu cha Auburn, akashinda medali saba za Olimpiki, na Machi 2025 alichaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza. Ni mama wa watoto wawili. Salima Mukansanga, mzaliwa wa Rusizi ng'ambo tu ya mpaka, aliyepuliza kipenga katika Kombe la Afrika la wanaume Januari 2022, alisomea uuguzi na ukunga: mkunga hasa, anayejua kizazi kilipo. Na Lydia Nsekera wetu alichukua shirikisho la soka la Burundi mwaka 2004, nchi ikiwa bado haijatoka vitani, na mwaka 2013 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika kamati kuu ya FIFA, miaka 109 tangu FIFA ianzishwe.

Lakini nawaonya wanaodhani kwamba wachezaji wakiongezeka uongozi utajileta wenyewe. Marekani ilipitisha sheria ya Title IX mwaka 1972, ikakataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Wasichana wanaocheza katika shule za sekondari waliongezeka kutoka chini ya 300,000 hadi zaidi ya milioni 3. Kabla ya sheria, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Fedha na mishahara vilipoingia, wanaume walizitaka kazi hizo, na kiwango hicho kikashuka hadi asilimia 40 na kitu. Katiba yetu inadai wanawake wasipungue asilimia 30 serikalini na bungeni, lakini kamati ya michezo ya chuo si bunge, na kiti kisichoandikiwa kanuni kitakaliwa na aliyezoea kukaa.

Sasa ya kufanya, haraka, nafasi imeisha. Hedhi ikikosekana miezi mitatu bila mimba, nenda kwa daktari, si kwa mkandaji. Aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo naye aende. Pima damu angalau mwanzoni mwa msimu, upungufu wa madini ya chuma unachosha kuliko kocha. Kula kabla ya mazoezi na ndani ya saa moja baada yake, hata kama ni viazi vitamu na kikombe cha maziwa. Nunua sidiria ya michezo inayoshika. Goti la mwanamke huchanika kano kwa urahisi kuliko la mwanaume, kwa hiyo fanyeni zoezi la FIFA 11+, dakika 20, halihitaji vifaa maalumu, linapunguza majeraha vizuri. Mkojo ukivuja unaporuka usikae kimya, kuna mazoezi ya misuli ya nyonga na yanasaidia. Ukiwa mjamzito au umejifungua, muulize daktari lini urudi, usiulize kama. Vyuo: wekeni mazoezi ya wasichana kabla ya giza na chumba cha kubadilishia chenye kufuli. Kila timu ya wanawake iwe na mwanamke kwenye benchi mwenye kazi kamili, asiwe wa kubeba chupa za maji. Tumeni majina ya wasichana kwenye kozi za urefa na ukocha wakiwa bado wanacheza, msingoje wastaafu. Na fomu ya mchezaji iongezwe mstari mmoja: leo umekula mara ngapi?