Nasaha Iliyolipiwa

Mama aliyejifungua, awe Jang'ombe au Maskati, akijiandikisha kwa simu yake katika jumuiya ya wazazi, huenda akaanza kuletewa kila wiki barua pepe ya upole kabisa. Barua hiyo huujua umri wa mtoto. Humwambia mama kwamba mwanawe leo ametimiza wiki sita, na kwamba akilia usiku pengine hashibi. Bei haitajwi, wala duka. Mama huidhania nasaha ya daktari. Hali ya kuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo mno, limeandikwa jina la kampuni ya maziwa ya kopo.

Hila hii si ngeni. Katika miaka ya 1960 na 1970 makampuni ya maziwa yaliwaajiri wanawake, yakawavika nguo nyeupe za wauguzi, yakawapeleka mahospitalini na majumbani katika nchi za Afrika na Asia. Mzazi alidhani anasemezana na muuguzi, kumbe ni mchuuzi! Alipewa kopo la bure. Mtoto akilizoea hupunguza kunyonya, na ziwa lisilonyonywa hukauka kidogo kidogo. Kopo la bure likesha, la pili lauzwa. Asiye na fedha aliuzidishia unga maji, na maji yenyewe pengine si safi. Watoto wakaharisha, wakakonda, na wengine wakafa. Mwaka 1974 jumuiya ya War on Want ya London ilitoa kijitabu kuyafichua hayo, na Mei 1981 Mkutano wa Afya Duniani, mjini Geneva, ulipitisha kanuni za kuyazuia kwa kura 118 dhidi ya moja tu, nayo ni ya Marekani.

Nguo nyeupe sasa zimevaliwa na barua. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kuwa makampuni hayo huwalipa watu mashuhuri wa mitandaoni na kufungua jumuiya za ushauri, wala mzazi hatambui kuwa anauziwa.

Hatusemi maziwa ya kopo ni haramu. Wako mayatima na mama wagonjwa. Daktari akiyaagiza, na yatumike. Tunalolichukia ni kuficha. Mtume (S.A.W.) alitia mkono sokoni katika lundo la nafaka, akakuta ndani limeroa, akamlaumu mwenyewe kwa kutouweka juu upande ulioroa watu wauone. Huyu wa barua kamshinda yule: kajificha yeye muuzaji.

Aliyeletewa barua ya namna hii na aanze kuisoma kwa chini, amjue aliyeilipia. Na mtoto akilia usiku, Mnazi Mmoja si mbali na Jang'ombe, akapimwe uzito.