Uke hujisafisha wenyewe

“Dokta, natokwa na uchafu ukeni. Nifanye nini ukauke?” Katika kliniki ya magonjwa ya wanawake, swali hili huongoza. Mara nyingi anayeuliza ameshajaribu mengi kabla ya kufika: sabuni ya kunukia, maji ya ndimu, shabu, punje ya kitunguu saumu, na vidonge vya “kusafisha kizazi” alivyouziwa kupitia simu. Jibu la kwanza huwashangaza wengi. Mwanamke wa umri wa kuzaa aliye mzima anatakiwa atokwe na ute. Ukikauka kabisa, hapo ndipo pa kuuliza kulikoni.

Ute huo hutoka kwenye mlango wa kizazi na kuta za uke, ukichanganyika na seli zilizobanduka. Hubadilika kufuata mzunguko wa hedhi. Damu ikishakoma huwa kidogo. Yai linapokaribia kutoka huongezeka, ukawa mwangavu, wa kuteleza na kuvutika kama ute wa yai la kuku, na mbegu za kiume hupita humo kwa urahisi. Baada ya hapo hurudi kuwa mzito na mweupe, na ukikaukia kwenye chupi huacha rangi ya manjano hafifu. Wakati wa ujauzito huwa mwingi zaidi. Kwa wanandoa wanaotafuta mtoto, ule ute wa kuvutika ni habari njema, nao ndio wengi wanaouhangaikia wakiutafutia dawa ya kuukausha!

Ndani ya uke pia kuna walinzi. Mwaka 1892 daktari Mjerumani, Albert Döderlein, alieleza kuhusu bakteria wanaoishi humo bila kudhuru. Leo tunawaita laktobasila. Hutumia sukari itokanayo na seli za uke kutengeneza asidi ya laktiki, ileile iliyomo kwenye mtindi. Kwa kawaida uke wa mwanamke wa umri wa kuzaa huwa na pH kati ya 3.8 na 4.5, na kwenye asidi ya kiwango hicho vimelea vingi vya maradhi hushindwa kustawi.

Sabuni nyingi ni alkali. Anayejiosha ndani kwa kidole na sabuni huondoa asidi na walinzi kwa pamoja, na nafasi yao huchukuliwa na bakteria wengine wanaotoa harufu kama ya samaki. Harufu hiyo humfanya aoshe zaidi, na kadiri anavyoosha ndivyo inavyorudi. Si suala la harufu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia kwa miaka 10 wanawake wanaofanya biashara ya ngono mjini Mombasa, ulionyesha kuwa waliojiosha ndani kwa maji walikuwa na hatari ya kuambukizwa VVU zaidi ya mara 2 ya wasiojiosha; kwa waliotumia sabuni ilizidi mara 3. Utafiti wa namna hiyo peke yake hauthibitishi kuwa kuosha ndiko kulikoleta maambukizi, lakini unaafikiana na tunayoyajua kuhusu walinzi hao. Kuchamba kwa maji hakuna ubaya. Osha nje, kutoka mbele kwenda nyuma, na ndani paache.

Sasa, ugonjwa tunautambuaje? Harufu ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, pamoja na majimaji ya kijivu, huashiria kuwa bakteria wabaya wamezidi. Muwasho mkali na ute mzito kama maziwa yaliyoganda mara nyingi ni fangasi, ambao hupenda zaidi wajawazito, wenye kisukari na waliotoka kutumia antibiotiki. Majimaji ya manjano au kijani yenye povu yanaweza kuwa trikomona, ugonjwa wa zinaa, na hapo mwenzi naye lazima atibiwe.

Kukisia dawa dukani kunagharimu. Dawa ya fangasi haiwagusi bakteria, na antibiotiki inayotumiwa bila sababu huua hata laktobasila, ikawapa fangasi uwanja. Vilevile, wengi huambiwa wana “UTI sugu” kwa sababu tu wanatokwa na ute. UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo: dalili zake ni maumivu wakati wa kukojoa na kwenda haja ndogo kila mara. Na si kila ute ni PID. PID ni maambukizi yaliyopanda hadi kwenye kizazi na mirija, mara nyingi kutokana na klamidia au kisonono, na yasipotibiwa yanaweza kuiziba mirija na kumnyima mwanamke mtoto. Kwa sababu hiyo naona wanaouza vidonge vya kusafisha kizazi wanafanya jambo la hatari: mgonjwa wa kweli hupoteza wiki akisubiri vidonge vifanye kazi huku mirija ikiharibika.

Kwa hiyo, dada yangu, usisubiri ukipata maumivu chini ya kitovu pamoja na homa, ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au majimaji yenye harufu kali yakichanganyika na damu. Dalili hizo mbili za mwisho zinaweza kuwa za saratani ya mlango wa kizazi. Na aliyekwisha kukoma hedhi akaona damu, hata tone moja, aende hospitali wiki hiyohiyo.