Kabla ya plau, maksai hufundishwa kugeuka

Mvua zinapoanza kati ya Machi na Aprili huko Abuku, wilayani Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mkulima mwenye jozi ya maksai huwa na wiki chache tu za kutayarisha shamba. Atakayechelewa atapanda akiwa nyuma ya mvua. Nguvu za wanyama hao ni muhimu, lakini mara nyingi kazi hukwama pale wanapofika mwisho wa mfuo na kutakiwa kugeuka.

Farasi ni nadra katika eneo hilo. Mbung'o, ambao hueneza ugonjwa wa nagana, wameufanya ufugaji wake kuwa mgumu katika sehemu kubwa ya Afrika. Hata hivyo, kanuni inayofuatwa na wafunzaji wa farasi inamfaa pia maksai: mnyama hulainishwa viungo akiongozwa na mtu aliye chini, kabla ya kubebeshwa au kufungwa chochote.

Kwenye kona, maksai wa ndani hana budi kupunguza mwendo hadi karibu asimame, huku mwenzake wa nje akizunguka kwa hatua ndefu. Wasiofundishwa huvutana. Nira huinama upande mmoja na kuchubua shingo, plau huchomoka ardhini, na mnyororo waweza kumnasa mnyama mguu. Kidonda cha shingo humpumzisha maksai kwa siku nyingi, na mwenzake hawezi kulima peke yake kwa nira ya wawili.

Mafunzo huanza mnyama akiwa na umri wa takriban miaka miwili au mitatu. Kwanza hufungwa kamba kichwani na kuzoeshwa kutembea kando ya mtu. Kisha mfunzaji husimama karibu na bega lake, humwelekeza kichwa upande wake kidogo, na kumgusa ubavuni hadi mguu wa nyuma upite mbele ya mwenzake. Papo hapo mkono huondolewa. Nafuu hiyo ndiyo malipo. Anayeendelea kusukuma baada ya mnyama kutii humfundisha kwamba utii hauna faida.

Baadaye huzungushwa kwenye duara pana, ambalo hupunguzwa kidogo kidogo. Duara dogo mapema mno huumiza viungo. Uti wa mgongo wa wanyama hawa hupinda kidogo sana, na kona nzuri hutokana zaidi na shingo iliyolegea na miguu inayopishana vyema. Pande zote mbili hufanyiwa mazoezi, kwani kila mnyama ana upande anaoupendelea, kama binadamu.

Ndipo hufungwa nira, ikiwezekana na maksai mzoefu, na kila mmoja hubaki upande uleule siku zote. Huvuta gogo jepesi kwanza, tena asubuhi kabla ya jua kali, kwa amri zilezile kutoka kwa sauti ileile. Anayehema mdomo ukiwa wazi apumzishwe kivulini.

Jioni, nira ikishaondolewa, shingo hukaguliwa kwa kiganja. Penye joto au uvimbe, plau hubaki nyumbani kesho yake.