Goma: mlango wa mbao unahitaji serire nyembamba kuliko zile za dukani

Ukipita mchana katika mitaa ya Goma ambako nyumba ni za mbao, Majengo, Kasika ama upande wa Ndosho, kufuli zilizoning'inia nje ya milango zinakueleza yote. Penye kadena, wenyewe wameenda sokoni ama kazini. Pasipo kadena, kuna mtu ndani. Jirani anaona hivyo, mgeni anaona hivyo, na mwizi naye anaona hivyo bila kuuliza mtu.

Kadena imeenea kwa sababu fundi hahitaji kutoboa kitu. Pete mbili za chuma, misumari minne, kazi imekwisha. Lakini kasoro yake haiko tu katika kumwonyesha mwizi kwamba nyumba haina mtu. Kadena inafungwa upande mmoja tu, wa nje. Mama anayetoka alfajiri kwenda kununua mali Birere, akiacha watoto wamelala, ana njia mbili: aache mlango wazi, ama awafungie kwa nje. Wengi wanachagua kuwafungia. Katika nyumba ya mbao, ambamo jiko la makala ama mshumaa unaweza kuwasha ukuta mzima kwa dakika chache, mtoto aliyefungiwa kwa nje hana namna ya kutoka. Wakaaji wa Bukavu, hasa wa Kadutu na Ibanda ambako nyumba zimebanana, wanajua moto unavyokwenda haraka.

Jibu la mambo haya mawili ni la zamani: serire inayoingizwa ndani ya unene wa mlango wenyewe. Haionekani kwa nje isipokuwa tundu la ufunguo. Inafungwa na kufunguliwa pande zote mbili. Mtu akipita hawezi kujua kama kuna watu ndani ama hakuna.

Kwa nini basi milango mingi ya Goma haina? Pesa ni sababu moja. Sababu nyingine, ambayo mafundi wa mbao wanaifahamu vizuri kuliko wenye nyumba, ni kwamba serire za kenkayeri hazikutengenezwa kwa milango hii.

Serire ya kawaida inayoletwa kwa kipimo cha Kifaransa ina sanduku la chuma lenye unene wa milimita 14 hadi 16. Kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo kuna milimita 40 ama 50, na kutoka mkono hadi tundu hilo kuna milimita 70. Imefikiriwa kwa mlango wenye unene wa milimita 40 hivi. Kwa mlango kama huo, fundi akichimba milimita 15, zinabaki 12 na nusu za mbao kila upande, na mlango unavumilia.

Sasa chukua mlango wa nyumba ya mbao uliotengenezwa haraka. Tangu volkano ya Nyiragongo ilipounguza sehemu kubwa ya mji mnamo Januari 2002, na tena baada ya ile ya Mei 2021, watu wengi walijenga upya juu ya mawe ya lava kwa mbao, kwa kuwa ni haraka na bei inapungua. Mlango wa nyumba hizo mara nyingi ni mbao za kusimama zilizogongelewa juu ya mbao za kulala, na unene wake ni milimita 30, wakati mwingine 25. Chimba milimita 15 ndani ya 30: inabaki ngozi ya milimita 7 na nusu kila upande. Siku hiyo mlango unafunga vizuri sana na mwenye nyumba anafurahi. Siku ambayo mtu ataupiga teke, ngozi hiyo itapasuka na serire itaanguka chini ikiwa bado nzima, ulimi wake ukiwa bado nje. Aliyenunua atasema serire ilikuwa mbaya, kumbe ni shimo lake ndilo lililoua mlango.

Mafundi wa zamani wana kanuni kwa shimo lolote linalochimbwa ndani ya unene wa mbao: lisipite theluthi moja. Kwa mlango wa milimita 30, theluthi ni 10. Kwa hiyo swali linakuwa jepesi kusema: je, inawezekana kupata serire yenye unene wa milimita 10?

Inawezekana, na mtu akiangalia ndani ya sanduku ataelewa kwa nini. Serire rahisi kabisa ina vitu sita tu. Kuna sanduku na kifuniko chake. Kuna ulimi, kipande cha chuma kinachotoka na kurudi. Kuna kibati kinachoinuka, ambacho mafundi wanakiita gorji. Kuna resore inayokisukuma kibati hicho chini. Na kuna ufunguo.

Kazi yao ni hii. Juu ya mgongo wa ulimi kumekatwa mapengo matatu. Kibati kina kijino kinachoangukia ndani ya pengo na kuuzuia ulimi usisogee, hata ukiusukuma kwa kisu kutoka nje. Ufunguo ukizungushwa, jino lake kwanza linainua kibati mpaka kijino kitoke katika pengo. Halafu, katika mzunguko huo huo, linaingia katika mkato ulio chini ya ulimi na kuusukuma mbele. Ufunguo ukipita, resore inarudisha kibati chini na kijino kinaangukia pengo linalofuata. Mzunguko mmoja unasogeza ulimi milimita 10 hivi. Mizunguko miwili, 20. Ndiyo maana mapengo ni matatu: kufunguliwa, kufungwa mara moja, kufungwa mara mbili.

Katika vitu hivyo vyote, ulimi ndio mnene, na hapo ndipo mtu anaweza kupunguza. Ulimi wa milimita 6, bati la milimita 1 na nusu kila upande, na milimita 1 ya nafasi ili visisuguane: jumla ni 10. Kibati na resore vinakaa juu ya ulimi, si kando yake, kwa hiyo haviongezi unene. Kinachoongezeka kidogo ni urefu wa sanduku, na urefu hauharibu mlango kama unene unavyouharibu.

Watu watasema milimita 6 ni kidogo. Kwa chuma si kidogo. Ulimi wa milimita 6 kwa 25 una nguvu kushinda mbao yoyote itakayoushika, iwe mkaratusi ama hata muvula. Mlango ukipigwa, kitakachovunjika kwanza ni mbao ya mlango ama fremu, hakitakuwa ulimi. Kutumia ulimi wa milimita 12 katika mlango wa milimita 30 ni kuongeza nguvu pale ilipokwisha kutosha, na kuiondoa pale ilipokuwa inapungua.

Mkono na ulimi mdogo wa kujifunga wenyewe vinaweza kuachwa. Katika serire ya dukani, vitu hivyo viwili ndivyo vinavyokula nusu ya sanduku. Nyumba ya vyumba viwili haihitaji mkono wa kugeuza. Kipande cha mbao cha kushikia kinatosha.

Kuhusu ufunguo, rahisi kabisa kunaweza kuwa rahisi kupita kiasi. Kibati kilichoelezwa hapo juu kina udhaifu: ufunguo wowote unaokiinua vya kutosha utafungua. Ukikiinua zaidi ya kipimo, hakilalamiki. Ndiyo sababu msumari uliopindwa unaweza kufanya kazi ya ufunguo, na ndiyo sababu mpangaji mmoja anashangaa kuona ufunguo wa jirani ukizunguka mlangoni mwake. Dawa ya jambo hili ilipatikana Uingereza mwaka 1778, na Robert Barron. Badala ya kijino kuangukia pengo lililo wazi juu, alikata dirisha ambalo kijino lazima kipite ndani yake. Kikiinuliwa kidogo mno, kinazuia. Kikiinuliwa mno, kinazuia pia. Kinapita tu kikifika kipimo chenyewe. Akaweka vibati viwili vyenye vipimo tofauti, na msumari uliopindwa ukawa na kazi ngumu.

Mwaka 1818 Jeremiah Chubb aliongeza kibati kinachonasa mtu akijaribu kufungua kwa hila, ili mwenye ufunguo akirudi ajue kwamba kuna aliyejaribu. Serire hiyo ilisifiwa kuwa haifunguliki mpaka mwaka 1851, wakati wa maonyesho makubwa ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alipoifungua mbele ya mashahidi kwa dakika 25 hivi. Waingereza hawakufurahi.

Kwa mlango wa Goma hakuna haja ya kufika kwa Chubb. Vibati viwili vya mtindo wa Barron, kila kimoja milimita 1, vikikatwa kwa tupa kwa vipimo tofauti kwa kila mteja, vinatosha kumzuia mtu mwenye msumari. Mwenye bunduki ni jambo lingine. Tangu Januari 2025, M23 ilipoingia mjini na wafungwa wa gereza la Munzenze wakatoroka, wakaaji wa mitaa mingi wanalala kwa wasiwasi, na hakuna serire inayoweza kumaliza wasiwasi huo. Lakini wizi wa mchana, ule wa mtu anayesukuma mlango akiona hakuna sauti, unazuiwa na ulimi wa chuma na mbao isiyopasuka.

Je, serire kama hii inaweza kutengenezwa hapa? Vyumba vya mafundi wa kuunga vyuma, Goma, Bukavu na hata Butembo, vinatengeneza kila siku milango ya chuma yenye makomeo mazito. Bati la milimita 1 na nusu lipo, chuma bapa cha milimita 6 kipo, msumeno na tupa vipo. Kinachosumbua ni resore, ambayo lazima iwe ya chuma kinachorudi, na uvumilivu wa kupiga tupa mpaka kijino kipite dirishani bila kukwama. Ni kazi ya siku nzima kwa mara ya kwanza.

Halafu kuna hewa ya mji wenyewe. Moshi wa Nyiragongo unachanganyika na mvua na kula mabati ya nyumba kwa miaka michache. Resore nyembamba haiwezi kushinda bati la nyumba. Shaba ya njano kwa vibati ni bora kama inapatikana. Na mafuta ya magari, ambayo watu wengi wanamwaga ndani ya tundu ufunguo ukianza kukataa, yanafaa kwa wiki moja tu: vumbi jeusi la lava linashikamana nayo na kuwa kama matope. Unga wa risasi ya kalamu, ile nyeusi ya kuandikia, ukisuguliwa juu ya ufunguo na kuingizwa ndani, unalainisha bila kushika vumbi.

Serire ikiwa tayari, bado mlango unaweza kuharibiwa siku ya kuichimbia. Kosa la kwanza ni kuiweka katikati kabisa ya mlango, pale mbao ya kulala inapoungana na ya kusimama. Patasi inakata ulimi wa kiungo hicho, na mlango unaanza kulegea kutoka siku hiyo. Iwekwe juu kidogo ama chini kidogo ya kiungo. Kwa mlango wa milimita 25, ni afadhali kuongeza kwa ndani ubao wenye upana wa kiganja, ukibandikwa kwa gundi na visi, kisha kuchimba mahali palipoongezwa unene.

Kosa la pili liko upande wa fremu. Mafundi wengi wanatoboa tu tundu katika mbao na kuacha ulimi uingie humo. Tundu bila kibamba cha chuma linapanuka, na mbao iliyo mbele yake ni nyembamba kuliko mlango wenyewe. Kibamba kinahitaji visi vya milimita 50 ama 60 vinavyoingia mpaka ndani ya nguzo, si vile vifupi vinavyouzwa pamoja na serire. Na tundu liwe refu kidogo kwenda juu na chini, kwa milimita 3 hivi, kwa sababu msimu wa mvua mbao inavimba, nguzo zinashuka, na ulimi ambao ulikuwa unaingia vizuri mwezi wa saba unagonga chuma mwezi wa kumi na moja.

Linabaki jambo la watoto. Serire inayofunguka kwa ufunguo pande zote mbili haimsaidii mtu aliye ndani kama ufunguo umeondoka na mama sokoni. Kwa hiyo nyumba inahitaji funguo mbili tangu siku ya kwanza, moja ikining'inia ndani kwenye msumari, karibu na mlango lakini mbali na dirisha, mahali ambapo mtoto mkubwa anafika. Usiku, wote wakiwa ndani, ufunguo haufai kuzungushwa kabisa: komeo la kusukuma kwa mkono, lililopigiliwa juu ya mbao kwa ndani bila kuchimba kitu, linafunga vya kutosha na linafunguka gizani.

Mpangaji mpya naye afikirie wapangaji waliotangulia. Anayelipa garanti na kupokea ufunguo mmoja kwa mwenye nyumba hajui ni watu wangapi waliondoka na nakala. Kwa serire ya vibati viwili hakuna lazima ya kununua nyingine: fundi anafungua kifuniko, anabadilisha vibati ama anavigeuza nafasi, anakata jino jipya la ufunguo. Sanduku linarudi ndani ya shimo lile lile, na mbao haiguswi tena.