MOTAKAA NDOGO YA MIZIGO NA MAFUTA YAIFAAYO

Siku hizi katika vijiji vingi vya Kenya na Tanzania huonekana motakaa ndogo za mizigo ziitwazo pikapu, kama vile Toyota Hilux, ambayo ilianza kuundwa Japani mwaka 1968. Nyingine ni mali ya mtu mmoja, nyingine ni mali ya chama cha ushirika au ya shule. Motakaa ya namna hii hupeleka maziwa na mboga sokoni, huleta mbolea na mabati, na usiku wa shida humchukua mgonjwa au mama mwenye uchungu mpaka hospitali. Basi ikiharibika, hasara si ya mwenyewe peke yake. Tena watu hulaumu barabara mbovu, na kumbe mara nyingine injini imeuawa na mafuta yasiyoifaa.

Jambo la kwanza ni kujua kama injini yatumia petroli au dizeli, kwa maana pikapu za umbo moja na jina moja zaweza kuwa na injini mbalimbali. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina plagi za cheche; huibana hewa kwa nguvu nyingi mpaka ikawa moto sana, na dizeli ikirushwa ndani huwaka yenyewe. Tena dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya kurushia mafuta. Petroli haiwezi kazi hiyo, na ikitiwa katika injini ya dizeli huila pampu, na pampu ni ghali mno. Ikitokea kosa la namna hii kituoni, motakaa isiwashwe hata kidogo. Na isukumwe kando, tangi limwagwe lote, ndipo yatiwe mafuta yaliyo haki yake. Dereva asiogope kusema, na bwana wake asimfokee, maana kosa likifichwa gharama huzidi.

Jambo la pili ni daraja za petroli. Katika vituo huonekana namba kama 91, 93 au 95. Namba hiyo huitwa okteni. Watu wengi hudhani ya kuwa namba kubwa maana yake ni nguvu nyingi. Sivyo. Okteni ni kipimo cha uvumilivu wa petroli inapobanwa ndani ya silinda. Petroli yenye okteni haba hulipuka kabla ya kufikiwa na moto wa plagi, na mlipuko huo huipiga pistoni kama nyundo. Mafundi husema injini inagonga. Sauti yake ni kama changarawe zikitikiswa ndani ya mkebe, na husikiwa hasa motakaa inapopanda mlima na mzigo mzito. Injini ikiachwa igonge siku nyingi, pistoni hutoboka.

Basi soma kitabu cha motakaa, au karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha tangi, ukafuate namba iliyotajwa. Kama imetajwa 91, ukinunua 95 hutapata faida ya maana. Umetupa fedha tu. Kama imetajwa 95, usishuke chini yake kwa kutaka kuokoa shilingi chache. Lakini angalia: Marekani huhesabu okteni kwa njia nyingine, na 87 ya huko ni karibu sawa na 91 ya huku. Tena wakaao nchi za juu, kama Nairobi iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, huenda wasisikie injini ikigonga, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Motakaa hiyo hiyo ikishuka mpaka Mombasa na mzigo, katika joto, huweza kugonga. Kwa hiyo asiyesikia kitu nyumbani asidhani ya kuwa petroli ya namna yoyote yafaa safarini.

Wako wazee wakumbukao petroli iliyotiwa risasi. Risasi ilitiwa tangu miaka ya 1920 ili kuzuia injini isigonge, lakini ilionekana kuwa sumu, nayo hudhuru hasa akili za watoto. Kenya na Tanzania ziliiacha ilipofika mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa motakaa ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Jambo la tatu ni mafuta yaliyoghushiwa. Wauzaji waovu huchanganya mafuta ya taa katika petroli au dizeli. Mafuta ya taa huipunguzia petroli okteni yake, injini ikagonga. Nayo dizeli hupungukiwa na ulaini wake. Kwa ajili ya hila hiyo Tanzania ilianza mwaka 2010 kutia alama ya siri katika mafuta yauzwayo nchini, na Kenya mwaka 2018 ilitoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Katika nchi hizo mbili bei za juu hutangazwa kila mwezi. Basi ukiuziwa kando ya njia kwa bei ya chini sana, jiulize mafuta hayo yametoka wapi. Wala mtu asithubutu kuchota mafuta ya lori lililopinduka. Huko Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa kwa jambo hilo.

Sasa maneno machache ya utunzaji. Ukijaza dumu la petroli, literemshe chini kwanza. Usilijaze likiwa nyuma ya pikapu, kwa maana cheche huweza kuzaliwa. Usinyonye mafuta kwa mpira na kinywa, kwani yakiingia mapafuni huua. Usiweke petroli katika nyumba ya kulala. Kila asubuhi, motakaa ikiwa mahali pa sawa na injini imepoa, pima oili na maji ya rejeta. Pima upepo wa tairi zikiwa baridi. Mwenye dizeli na amwage maji yaliyokusanyika katika chujio, kama kitabu kinavyoagiza. Wala usipakie kupita uzito ulioandikwa, hata kama springi zaonekana kuvumilia, maana breki hazitavumilia.

Mwisho, andika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila ujazapo tangi, andika lita na kilomita. Ukienda kilomita 450 kwa lita 50, umepata kilomita 9 kwa kila lita. Mwezi ufuatao ukipata 7 katika njia ile ile na mzigo ule ule, jua kuna sababu: chujio limeziba, au tairi hazina upepo, au mafuta ni mabaya, au yanaibwa. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu hiyo darasani, na mwenyekiti wa chama aweza kuisoma mbele ya wanachama, ili kila mtu ajue motakaa yao inaendeleaje.